Sindano za kukuza mayai: protini ni ile ile, kinachotofautiana ni sukari

Ukianza matibabu ya kutungisha mimba nje ya mwili, mapema tu utaandikiwa sindano ya kukuza mayai, na jina kwenye karatasi litakuwa moja kati ya machache: Menopur, Gonal-F, Puregon, Rekovelle, Elonva, au zile zilizotengenezwa kwa kufuata Gonal-F kama Bemfola na Ovaleap. Swali la kwanza la kila mtu ni moja: ipi bora? Majibu anayopata ni kwamba hii ni ya asili na ile ni ya maabara, au hii ni mpya na ile ni ya zamani. Majibu hayo hayamsaidii kuchagua. Ndani ya sindano zote hizo homoni kuu ni moja, FSH, inayokuza folikeli, yaani vifuko vya ovari vyenye mayai, na protini yake ni ile ile, isipokuwa Elonva ambayo imeongezewa kipande nitakachokieleza. Kinachozitofautisha ni sukari iliyopachikwa juu ya protini hiyo. Sukari ndiyo inayoamua dawa itakaa mwilini saa ngapi, utachomwa mara ngapi, na kama dozi iliyozidi inaweza kurekebishwa kesho au itabidi muingoje wiki nzima iishe.

Kwanza sukari yenyewe

Siyo ile sukari ya damu inayopimwa kwa wenye kisukari. Ni minyororo mifupi yenye matawi ambayo seli huipachika juu ya protini wakati inaitengeneza.

FSH ina ndugu watatu. LH hutoka kwenye tezi ile ile ya pituitari iliyo chini ya ubongo. hCG hutoka kwenye kondo la nyuma mimba ikishika, na TSH ndiyo inayoamsha tezi dundumio ya shingoni. Zote nne zimejengwa kwa nyuzi mbili za protini zilizoshikana. Uzi wa alfa una asidi amino 92 na ni mmoja kwa zote nne. Uzi wa beta ndio unaoipa kila homoni kazi yake. Kwenye FSH kuna sehemu nne za kupachika sukari: alfa namba 52 na 78, beta namba 7 na 24. Kila sehemu hubeba kitu kama mti mdogo. Shina lake lina sukari aina ya manosi, matawi yake ni mawili, matatu au manne, na kwenye ncha ya tawi mara nyingi kuna asidi ya sialiki iliyokaa juu ya galaktosi.

Ncha hiyo ndiyo ya kuangalia kuliko sehemu nyingine yoyote ya mti. Gilbert Ashwell na Anatol Morell waliliona jambo hili bila kulitafuta, walipokuwa wakifuatilia seruloplasmini, protini ya damu inayobeba madini ya shaba. Walipoivua asidi ya sialiki na kuirudisha kwenye damu ya sungura, ilitoweka ndani ya dakika chache, na walipoitafuta waliikuta ndani ya ini. Seli za ini zina vipokezi vinavyoitambua galaktosi iliyobaki wazi na kuivuta ndani. Asidi ya sialiki ikiwa bado juu yake, ini linaiacha protini ipite. Homoni hizi nazo ziko hivyo: ukizivua asidi ya sialiki, ini linazifagia.

Sasa angalia mwili unavyoitumia hila hii. LH na hCG zinashika kipokezi kimoja kwenye ovari na kupeleka ujumbe mmoja, lakini LH imefungwa kwenye ncha zake sukari nyingine, yenye salfeti, na ini lina kipokezi maalumu cha salfeti hiyo. Nusu ya LH huondoka damuni ndani ya saa moja hivi. Ni jambo linalotakiwa, kwa sababu pituitari hutoa LH kwa mapigo, na pigo lililopita lisipoondoka upesi, linalofuata halitasikika. hCG ina kazi tofauti kabisa. Mimba changa inahitaji ujumbe usiokatika, ili ovari iendelee kutoa projesteroni na hedhi isije. Kwa hiyo beta ya hCG ina mkia ambao LH haina, na juu ya mkia huo kuna minyororo minne zaidi ya sukari. Nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu ya homoni kuondoka damuni, ni zaidi ya siku moja. Kwangu mimi huu ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Kipokezi ni kimoja, na kinachobadilika ni muda wa ujumbe. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo imeletwa na sukari.

Kazi ya sukari si kuhesabu saa tu. Mwaka 1989 Martin Matzuk, Jeffrey Keene na Irving Boime waliziondoa sukari za hCG moja baada ya nyingine kwa kubadilisha jeni. Ile ya alfa namba 52 ilipoondolewa, homoni iliendelea kushika kipokezi vizuri, lakini seli iliitika kwa udhaifu mkubwa. Ni kama ufunguo unaoingia kwenye kitasa bila kugeuka. Ndiyo maana FSH inayotumika kama dawa haitengenezwi kwenye bakteria, kama inavyofanyika kwa insulini. Bakteria wa kawaida wa maabara wanajua kufuata jeni na kuunganisha asidi amino. Mti huu wa sukari hawaujui.

Jeni haiandiki sukari. Jeni inaandika mpangilio wa asidi amino tu, halafu vimeng'enya vya seli husika vinajenga mti kwa kadiri vilivyopo. Seli za aina mbili zikipewa jeni moja zitatoa protini moja yenye sukari tofauti. Kwa hiyo kuuliza "sindano hii imetoka kwenye seli gani?" ni kuuliza swali la maana kuliko "ni ya asili?"

Ya mkojo au ya maabara

Menopur hutokana na mkojo wa wanawake waliokoma hedhi. Baada ya hedhi kukoma ovari haijibu tena, pituitari inazidi kutoa FSH na LH, na nyingi humwagwa na figo. Piero Donini ndiye aliyefungua njia ya kuzisafisha homoni hizo kutoka kwenye mkojo, nchini Italia, na mkojo wa mwanzo ulikusanywa kwa watawa wazee kwenye nyumba zao. Bruno Lunenfeld alizitumia kwa wagonjwa nchini Israeli, na mtoto wa kwanza wa matibabu hayo alizaliwa mwaka 1962.

FSH ya mkojo huo ina sukari za binadamu, na hilo ndilo linaloitwa "asili" na wauzaji. Lakini ni sukari za binadamu aliyekoma hedhi. FSH ya umri huo hubeba asidi ya sialiki zaidi na hukaa damuni muda mrefu kuliko ile ya msichana katikati ya mzunguko wake. Neno "asili" linaficha tofauti hiyo yote.

Gonal-F iliruhusiwa Ulaya mwaka 1995 na Puregon mwaka 1996. Zote hutengenezwa kwenye seli za ovari ya hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, zilizowekewa jeni za binadamu za alfa na beta. Seli hizo hujenga miti mizuri yenye asidi ya sialiki, ila zinajua kuifunga kwenye galaktosi kwa njia moja tu, kwenye kaboni namba 3. Seli za binadamu huifunga kwenye kaboni namba 3 na namba 6 pia. Ukisikia hivyo utadhani ya hamsta ina upungufu utakaoonekana kwa wagonjwa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2011 yalijumlisha tafiti 42 za wenzi 9,606, yakilinganisha FSH ya maabara na za mkojo, na hayakupata tofauti ya kuaminika katika idadi ya watoto waliozaliwa hai. Kwa mtu ambaye pituitari yake inafanya kazi, mimi naona suala la matokeo kati ya hizi mbili limefungwa.

Kilichobaki ni mambo mawili ya vitendo. La kwanza ni namna ya kuchoma. Gonal-F na Puregon zinapatikana kwenye kalamu ya sindano unayozungusha hadi namba ya dozi yako. Menopur kwa kawaida ni unga wa kuchanganya na maji yake kabla ya kuvuta kwenye sindano. Kuchanganya si kazi ngumu, lakini kwa mtu anayetetemeka mikono usiku wa kwanza, kalamu inaokoa machozi.

La pili ndilo zito. Menopur haina FSH tu. Yuniti 75 za FSH ndani yake huja na yuniti 75 za nguvu ya LH, na nguvu hiyo kwa sehemu kubwa inatokana na hCG, ambayo hukaa muda mrefu kwa sababu ya sukari za mkia wake. Kwa wengi nyongeza hiyo si ya lazima. Kwa mwanamke ambaye pituitari yake haitoi FSH wala LH, ni ya lazima. Folikeli zake zinaweza kukua kwa FSH peke yake, lakini bila LH hazitengenezi estrojeni ya kutosha, na ukuta wa mji wa mimba unabaki mwembamba. Huyo achague kati ya Menopur na FSH ya maabara inayoambatana na Luveris, ambayo ni LH ya maabara. Luveris hukaa muda mfupi kuliko hCG na huchomwa kila siku. Zote mbili zinagonga mlango ule ule.

Kati ya Gonal-F na Puregon zenyewe sioni cha kuchagua. Maelezo ya Gonal-F yanataja nusu-uhai wa saa 24 hivi, ya Puregon saa 40 hivi, lakini vipimo hivyo havikufanywa kwa watu wale wale wala kwa njia ile ile, na seli za kutengenezea ni za aina moja. Tumia ile ambayo kliniki yako imeizoea. Bemfola na Ovaleap nazo hutoka kwenye seli za hamsta. Kwa kuwa sukari haimo kwenye jeni, kuiga dawa kama hii ni kazi kubwa kuliko kuiga kidonge, na ndiyo maana wadhibiti wa dawa Ulaya hudai mtengenezaji aonyeshe ulinganisho wa sukari na wa wagonjwa pia kabla ya kuruhusu.

Gonal-F au Rekovelle: hapa usilinganishe namba

Rekovelle iliruhusiwa Ulaya Desemba 2016. Jeni ni zile zile, lakini seli ni za binadamu, ukoo wa seli uliotokana na retina ya jicho la kijusi. Kwa hiyo asidi ya sialiki imefungwa kwa njia zote mbili, kaboni namba 3 na namba 6, na ni nyingi zaidi kuliko kwenye FSH ya hamsta.

Athari yake kubwa ya kwanza inaonekana kwenye lebo. Gonal-F huandikwa kwa yuniti za kimataifa, kwa mfano 150. Rekovelle huandikwa kwa mikrogramu, kwa mfano 10. Sababu yake inatoka kwenye maabara ya mwaka 1953. Yuniti ya FSH inapimwa kwa njia ya Steelman na Pohley. Panya majike ambao hawajakomaa huchomwa FSH pamoja na hCG kwa siku tatu, kisha ovari zao hutolewa na kupimwa uzito. Ovari ikiwa nzito zaidi, dawa inahesabiwa kuwa na yuniti nyingi zaidi. Kwa miaka mingi njia hii ilitosha, kwa kuwa FSH zilizokuwepo zilifanana vya kutosha. Lakini uzito wa ovari ya panya hautegemei nguvu ya homoni peke yake. Unategemea pia kasi ya mwili wa panya kuiondoa, na mwili wa panya hauziondoi sukari za aina hizi mbili kwa uwiano ule ule wa mwili wa binadamu. FSH ya hamsta na ya seli za retina zilipotolewa kwa wanawake kwa yuniti sawa za panya, ile ya seli za binadamu ilikaa zaidi damuni na ovari ziliitika zaidi. Yuniti zilikuwa sawa kwa panya tu.

Ndiyo maana mwenye kuhama kutoka dawa moja kwenda nyingine asifanye hesabu kichwani. Uchambuzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa mikrogramu 10 za Rekovelle kwa siku zinaleta mwitiko unaokaribiana na yuniti 150 za Gonal-F, lakini huo ni wastani wa kundi. Rekovelle haikukusudiwa kuandikwa kwa kubadilisha namba. Dozi yake hutokana na uzito wa mwili na kipimo cha AMH, homoni inayoonyesha akiba ya mayai. AMH ikiwa chini ya pikomoli 15 kwa lita, dozi ni mikrogramu 12 kwa siku bila kujali uzito. Ikiwa 15 au zaidi, huhesabiwa kwa kilo: mikrogramu 0.19 kwa kilo, ikishuka kadiri AMH inavyopanda hadi 0.10 kwa wenye AMH ya 40 na kuendelea. Mzunguko wa kwanza haupaswi kuzidi 12 kwa siku. Ukiishika kalamu yake utaona kati ya namba mbili kuna vistari viwili vidogo, na kila kistari ni mikrogramu 0.33. Mkononi mwa mtu aliyezoea kuzungusha hadi 150 kalamu hiyo inachanganya, kwa hiyo mwombe muuguzi akuangalie ukijiwekea dozi ya kwanza.

Je, ina faida? Utafiti wa ESTHER-1 ulihusisha wanawake 1,329, nusu wakipewa Rekovelle kwa dozi ya kuhesabiwa, nusu wakianza na yuniti 150 za Gonal-F. Mimba zilizoendelea zilikuwa asilimia 30.7 dhidi ya 31.6, na watoto waliozaliwa hai asilimia 29.8 dhidi ya 30.7. Kimsingi ni sawa. Tofauti ilikuwa kwenye usalama: waliohitaji hatua za kuzuia ovari kuvimba kupita kiasi walikuwa asilimia 2.3 dhidi ya 4.5. Lakini nisingeipa sukari sifa hiyo. Utafiti ulilinganisha dozi inayofuata AMH na uzito dhidi ya dozi moja ya kuanzia kwa wote, na daktari makini anaweza kuifuata AMH akiwa na Gonal-F pia. Ninachoipenda Rekovelle ni kwamba inalazimisha umakini huo. Kama kliniki yako huandika 150 kwa kila anayeingia mlangoni, Rekovelle ni chaguo salama zaidi. Kama wanapima AMH, wanahesabu folikeli kwa ultrasaundi na kupanga dozi kwa kila mtu, faida inapungua sana.

Sindano saba au moja

Elonva ndiyo pekee ambayo protini yake imebadilishwa. Mwaka 1992 Fuad Fares, Boime na wenzao walichukua ule mkia wa hCG wenye sukari nne, wa asidi amino 28, wakauunganisha mwishoni mwa beta ya FSH. Walichokitaka ni kuipa FSH maisha marefu ya hCG bila kuigeuza kazi, na walifanikiwa. FSH ile ilibaki FSH kwenye kipokezi chake, lakini nusu-uhai wake ulirefuka. Dawa iliyotokana na wazo hilo iliruhusiwa Ulaya Januari 2010. Nusu-uhai ni saa 69 hivi, na sindano moja inachukua nafasi ya sindano za siku saba za mwanzo. Dozi ni mikrogramu 100 kwa mwenye kilo 60 au chini, na 150 kwa aliyezidi hapo. Kuanzia siku ya nane, kama folikeli hazijafika ukubwa, unaendelea na FSH ya kila siku.

Utafiti wa ENGAGE uliwahusisha wanawake 1,506. Mimba zilizoendelea zilikuwa asilimia 38.9 kwa Elonva na 38.1 kwa FSH ya kila siku. Mayai yaliyovunwa yalikuwa 13.7 dhidi ya 12.5 kwa wastani. Ovari kuvimba kwa kiwango cha kati au kikali kulitokea kwa asilimia 4.1 dhidi ya 2.7.

Hapo ndipo uchaguzi ulipo. Kwa anayeogopa sindano, au anayesafiri, au anayeishi na watu asiotaka wajue anatibiwa, kupunguza sindano sita ni nafuu ya kweli na siidharau hata kidogo. Lakini ile minyororo minne ya sukari ikishaingia, hakuna anayeweza kuitoa. Kwa FSH ya kila siku, ultrasaundi ya siku ya tano ikionyesha folikeli nyingi kupita kiasi, usiku ule ule dozi inashushwa. Kwa Elonva, siku ya tano dawa bado iko damuni na itaendelea kufanya kazi mnapoiangalia. Kwa sababu hiyo haipewi mwenye ovari zenye vifuko vingi (PCOS), aliyewahi kuvimba ovari katika matibabu ya nyuma, wala aliyeonekana na folikeli ndogo zaidi ya 20 kwenye ultrasaundi ya mwanzo. Nikiongeza ushauri wangu, mwanamke mwenye AMH ya juu anayefanya mzunguko wa kwanza, ambaye bado haijulikani ovari zake zitajibu vipi, asianze na Elonva hata kama hajafikia mipaka hiyo. Aanze na ya kila siku, ajifahamu, kisha mzunguko wa pili achague.

FSH unayoitengeneza wewe mwenyewe

Watu husahau kwamba pituitari nayo haitoi FSH ya aina moja. George Bousfield na wenzake wa Wichita, Marekani, walionyesha kuwa baadhi ya FSH ya binadamu hutoka ikiwa imekosa sukari moja kwenye beta. Ile inayokosa sukari ya namba 24 huitwa FSH21, na iliyo kamili huitwa FSH24. FSH21 hushika vipokezi vingi zaidi na kwa haraka zaidi. Kwa wanawake vijana FSH21 ni nyingi, na umri unavyosogea kuelekea ukomo wa hedhi FSH24 ndiyo inayotawala. Kwa hiyo kipimo cha damu kinachosema "FSH iko juu" kinahesabu wingi tu. Hakisemi kama zilizopo zina mti wa nne au la.

Hakuna sindano ya FSH21 ya kuchagua leo. Bado ni ya maabara. Naitaja kwa sababu tayari kuna virutubisho vinavyonadiwa kuwa "vinaboresha sukari za homoni". Sukari hizi hujengwa ndani ya seli za pituitari na vimeng'enya vyake, na hakuna kidonge cha namna hiyo kilichothibitishwa kuzibadilisha. Usitoe fedha yako.

Sindano ya mwisho: hCG au LH yako

Folikeli zikikomaa, mayai yanahitaji amri ya kukamilisha ukomavu, na takriban saa 36 baadaye yanavunwa. Kwenye mzunguko wa kawaida amri hiyo ni wimbi la LH. Kwenye matibabu kuna njia mbili, na tofauti yao ni ile ile ya mkia wa sukari.

Ya kwanza ni hCG. Iko ya mkojo wa wajawazito, yuniti 5,000 hadi 10,000, na iko ya maabara, Ovitrelle, mikrogramu 250. Kati ya hizo mbili chukua inayopatikana, kwani tafiti zilizojumlishwa hazikuonyesha tofauti ya mimba. Ya pili ni kumpa mwanamke dawa ya jamii ya GnRH, homoni ya ubongo inayoiamuru pituitari, kama triptorelini, inayoisukuma pituitari yake itoe LH na FSH zake mwenyewe. LH hiyo ina salfeti kwenye ncha, ini linaifagia, na ndani ya siku moja au siku moja na nusu wimbi limeisha. hCG, kwa upande wake, inaendelea kuzichochea ovari siku baada ya siku. Ovari zenye folikeli 20 zikichochewa muda wote huo hutoa kemikali zinazofanya mishipa midogo ivujishe maji, tumbo linajaa, damu inakuwa nzito, na mgonjwa anaweza kulazwa. Kwa mwenye folikeli nyingi, jibu langu ni moja: triptorelini, mayai yatungishwe, viinitete vigandishwe, na kupandikizwa mwezi mwingine. Gharama ya LH fupi ni kwamba baada ya kuvuna ovari hukosa msukumo wa kutoa projesteroni, kwa hiyo kupandikiza mwezi ule ule kunahitaji nyongeza kubwa ya homoni. Kumbuka pia njia hii inahitaji pituitari inayofanya kazi. Yule mwanamke wa Menopur asiyetoa LH hawezi kuitumia. Wala haifai kwa ambaye pituitari yake ilizimwa wiki kadhaa kabla kwa mpango mrefu.

Mwenye folikeli za idadi ya wastani anayetaka kupandikiza mwezi ule ule, hCG inamfaa, na hapo muda wake mrefu ni msaada.

Ila aliyechomwa hCG asiwahi kupima mimba kwa kijiti cha mkojo. Kijiti kinatafuta hCG na hakiulizi imetoka wapi. Ile ya sindano inaweza kuonekana hadi siku kama kumi baadaye. Ukipima siku ya sita na mstari wa pili ukatokea, unachokiona kinaweza kuwa dawa ileile uliyochomwa kabla ya kuvuna, ambayo ini halijaimaliza kwa sababu ncha zake bado zimefunikwa.